Ziwa lile lile, kazi nyingine: kutumia mali za gemu la kwanza kutengeneza la pili

Mwaka 1985 watengenezaji wa Super Mario Bros. walichora umbo moja la wingu, wakalitia rangi ya kijani, wakalishusha ardhini likawa kichaka. Kumbukumbu ya kaseti ilikuwa finyu na kila picha iliyookolewa ilikuwa nafasi ya kitu kingine. Mamilioni ya watu wamelicheza gemu hilo, na wengi wao hawakugundua chochote. Basi kijana wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, mwenye laptop moja na gemu moja lililokwisha asione haya kulifumua la kwanza ili apate la pili.

Nachukulia unatumia Godot, injini (yaani programu ya kutengenezea magemu), kwa kuwa ni ya bure, haidai sehemu ya mauzo yako na haihitaji mashine ya kifahari. Ukitumia injini nyingine mantiki ni hiyo hiyo, ila vitufe vitakuwa pengine. Mfano nitakaokwenda nao ni gemu la simu la mitumbwi. Mchezaji yuko kijiji cha kusini mwa Ziwa Tanganyika, kule ambako meli ya abiria MV Liemba ilikuwa haina gati la kufungia kamba: meli ilikuwa inasimama majini, mitumbwi inaikimbilia, abiria na magunia yanapandishwa hapo hapo katikati ya makelele. Gemu la pili tunalolitaka ni la uvuvi wa dagaa usiku.

Kwanza elewa kinachowaudhi wachezaji

Mwaka 2011 kampuni ya BioWare ilitoa Dragon Age II, na lawama kubwa ikawa ni mapango. Mchezaji alitumwa pango hili, kesho akatumwa lile, na yote yalikuwa ramani moja, ila mlango huu umezibwa na ule umefunguliwa. Sasa angalia Sega. Tangu 2005 mfululizo wao wa Yakuza umerudi mara nyingi kwenye mtaa mmoja wa kubuni, Kamurocho, ulioigwa kutoka Kabukicho ya Tokyo. Wachezaji wanaujua mtaa ule kama wanavyoujua mtaa wa kwao, na wanaupenda. Yakuza 0 ya 2015 iliwapeleka mtaa huo huo ulivyokuwa 1988, wakafurahi kuona duka walilolizoea lilikuwa nini zamani.

Kwa maoni yangu tofauti iko kwenye uongo. Kamurocho inakwambia wazi: hapa ni pale pale, njoo uone kilichobadilika. Mapango ya Dragon Age II yalimwambia mchezaji yuko mahali papya huku macho yake yakimwambia alishapita. Kwa hiyo ukitumia tena ufukwe wa Kibirizi, uite Kibirizi. Usiuzungushe nyuzi tisini ukauita Kirando. Watu wa Kirando watakujua, na wa Kibirizi watakucheka.

Lifunge gemu la zamani

Kabla hujagusa faili hata moja, lihifadhi gemu la kwanza likiwa zima. Kama unatumia Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, weka lebo kwenye toleo ulilolitoa kwa watu, ili siku yoyote uweze kulirudia jinsi lilivyokuwa. Kama hutumii Git, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, uipe jina lenye tarehe, kisha diski hiyo ilale nyumba tofauti na laptop.

Ndani ya nakala hiyo weka pia Godot yenyewe, toleo lile lile ulilotumia. Ni faili moja lisilohitaji kusakinishwa, halichukui nafasi ya kukutia wasiwasi. Mradi wa zamani ukifunguliwa kwenye toleo jipya unageuzwa, na ukishageuzwa hakuna uhakika wa kurudi nyuma. Weka vilevile mafaili ya asili: ya Blender ulikochongea mtumbwi, ya Krita ulikochorea nyuso, ya Audacity ulikokatia sauti. Wengi wanabaki na picha na sauti zilizokwisha tu, halafu siku ya kutaka kubadilisha rangi ya tanga wanaanza kuchora upya. Usisahau faili la ufunguo wa kutia saini APK, yaani faili la kusakinishia gemu kwenye simu ya Android, pamoja na nenosiri lake. Likipotea, kusasisha gemu la kwanza kunakuwa kesi.

Kisha anzisha mradi mpya kwenye folda mpya. Kuendelea ndani ya ule wa zamani kunavutia kwa sababu kila kitu kipo tayari, lakini siku mchezaji wa gemu la kwanza akiripoti hitilafu utakuwa huna pa kusimamia.

Kagua ulichonacho

Chukua daftari, si programu. Cheza gemu lako la kwanza mwanzo hadi mwisho, na kwa kila unachokiona au kukisikia jiulize: mchezaji anakifanyia nini hiki?

Vile asivyovifanyia chochote vinabebwa kama vilivyo. Mawimbi, mlio wa injini ya boti, miembe, mabati ya nyumba, nyayo kwenye mchanga, vilima vya nyuma. Hakuna mtu atakayekuandikia kulalamika kwamba mwembe wa gemu la pili unafanana na wa la kwanza.

Vile anavyovifanyia kazi kila dakika ndivyo vya kufikiriwa upya. Kwenye gemu letu alikuwa anapiga kasia kuifuata meli na kupanga mizigo mtumbwi usipinduke. Ukimrudishia kazi hiyo hiyo kwenye maji hayo hayo, umemuuzia gemu moja mara mbili.

Katikati kuna kundi lenye utamu wake, vitu vinavyobebwa lakini vinabadilishiwa kazi. Nintendo walionyesha njia mwaka 2000 kwa Majora's Mask. Walichukua injini ya Ocarina of Time ya 1998 na sehemu kubwa ya watu wake, nyuso zile zile, wakawapa majina na maisha mapya katika mji ambao mwezi utauangukia baada ya siku tatu. Mchezaji anamtambua mtu kwa sura, kumbe si yeye. Uhaba wenyewe ukageuka kuwa hali ya ndoto mbaya, na gemu zima likaegemea hapo.

Sisi tuna Liemba. Modeli yake, yaani umbo lake lililochongwa kwenye kompyuta, ndiyo iliyotutoa jasho kuliko kitu kingine chochote: madirisha, mabomba, ngazi. Katika gemu la kwanza mchezaji alikuwa anaisubiri kwa hamu. Katika la pili haisubiri tena. Inapita mbali usiku na taa zake, na mawimbi yake yanakuja dakika moja baadaye kuutikisa mtumbwi na kutawanya dagaa waliokwisha jikusanya chini ya taa. Modeli haijaguswa hata pembe moja. Iliyokuwa faraja imekuwa kero.

Na hiyo meli ina mengi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikaja vipande vipande kwa meli na treni hadi Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini 1915. Ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukitaka gemu la tatu la wakati wa vita, gamba la meli unalo. Ongeza mzinga, fanya bomba lifuke moshi wa injini ya mvuke, badilisha jina ubavuni.

Leseni, na watu waliokusaidia

Hatua hii inachosha lakini usiiruke. Fungua orodha ya vitu ulivyochukua mtandaoni. Vya tovuti ya Kenney ni huru kabisa, hata kutaja jina si lazima. Vya OpenGameArt vinatofautiana kimoja kimoja. Leseni ya CC BY inataka umtaje mwenye kazi, na kumtaja kwenye gemu la kwanza hakukuhalalishii la pili, mtaje tena. Leseni yenye herufi NC inakataza biashara, na mtego upo hapo: gemu la kwanza ulitoa bure, la pili unataka kuliuza, ile sauti ya radi uliyoizoea haikufai tena.

Halafu kuna binadamu. Mchoraji mliyeanza naye amehamia Dar, na michoro ni yake mpaka muandikiane vinginevyo. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, iseme michoro itatumika kwenye magemu yapi na mgao ni upi. Kwa muziki wa bendi, Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA, ndiyo pa kuuliza ukikwama.

Sauti za watu zinahitaji adabu zaidi kuliko sheria. Nilipomrudia mzee mmoja wa Kibirizi ambaye tulirekodi nyimbo zake za kuvuta wavu, nilimwamkia, akaitikia, “Marahaba mwanangu. Bado mnacheza tu?” Nikamwambia, “Bado tunacheza mzee, ila safari hii tunauza.” Akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini mtumbwi mmoja uandikwe jina la mjukuu wake. Umeandikwa.

Badilisha saa, kisha badilisha kazi

Mahali pale pale panaweza kuwa papya kwa kugeuza vitu vichache ambavyo havikudai kuchonga modeli hata moja.

Mwanga ni wa kwanza. Marvel's Spider-Man: Miles Morales ya 2020 ilirudi New York ile ile ya gemu la 2018, ikaifunika theluji. Kigoma haina theluji, ina giza, na giza la ziwani lina ratiba. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku usio na mwezi, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata. Mbalamwezi ikiwaka sana taa haina nguvu na wengi wanapumzika. Hapo umepewa kalenda ya gemu bure: usiku wa giza ni kazi, usiku wa mbalamwezi ni kushona nyavu na kuuza. Kwenye Godot punguza mwanga wa mazingira, ondoa jua, weka taa moja juu ya mtumbwi na nyingine ndogo ndogo mbali kuwakilisha wenzako. Ufukwe uliokuwa na kasoro mchana, usiku kasoro zote zimefichwa. Simu ya bei nafuu pia inashukuru kwa kuwa kisichoonekana huna haja ya kukichora.

Majira ni ya pili. Vilima vya hapa vinakauka kiangazi na kuwa kijani masika. Badilisha teksta (picha zinazovishwa juu ya maumbo) mbili, ya nyasi na ya udongo, na mkoa mzima umebadilika.

Maji ni ya tatu, na ndiyo mbinu ninayoipenda. Ziwa kwenye gemu ni bapa moja pana lililolala kwenye urefu fulani. Lipandishe mita moja. Ufukwe umepungua, miamba imekuwa visiwa, njia uliyozoea kupita kwa miguu unapita kwa mtumbwi, mti wa kufungia kamba uko majini. Si ndoto: ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza fukwe, na wakazi wa kandokando wanajua. Umebadilisha namba moja, umepata ramani mpya. Jaribu nusu mita, kisha mbili, utembee uone wapi inaleta raha.

Kazi mpya nayo inaweza kuzaliwa na vitu vya zamani. Mtumbwi wa gemu la kwanza una modeli na hesabu za kuelea. Nakili uwe miwili, uifunge pamoja kwa miti kama wafanyavyo wavuvi wa hapa, shusha wavu katikati. Chombo kipya kabisa machoni, ila hesabu ni zile zile mara mbili. Wavu ndio kitu pekee utakachochonga kutoka sifuri, na muda wako mwingi uende huko, kwa sababu ndicho mchezaji atakachokivuta usiku kucha.

Mwaka 2024 Serikali ilipumzisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Tumeingiza mapumziko kama hayo ndani ya gemu: kwa kipindi hicho wavu haushuki, na mchezaji anayehitaji hela anarudi kubeba abiria wa Liemba. Gemu lote la kwanza linaamka ndani ya la pili kama kazi ya msimu. Asiyelijua anaona kazi ya ziada, na aliyelicheza anatabasamu.

Kuhamisha mafaili

Weka vitu vya zamani kwenye folda moja ndani ya mradi mpya, iite msingi, na jiwekee sheria kwamba humo hakihaririwi kitu. Ukitaka mwembe uliobadilika, tengeneza sini (faili la Godot linalobeba kitu au eneo la gemu) mpya inayorithi ile ya msingi, ubadilishe hiyo. Ukirekebisha shina kwenye msingi siku moja, matawi yote yanafuata.

Unaponakili, beba kila picha na sauti pamoja na faili dogo la .import lililo pembeni yake, na kuanzia Godot 4.4 beba na yale ya .uid ya skripti, yaani mafaili ya msimbo. Yana mipangilio na vitambulisho vinavyowezesha sini kupata vitu vyake. Folda ya .godot iache, injini itaitengeneza yenyewe ukifungua mradi. Na ukishahamia, kila kubadilisha jina au kusogeza faili kufanyike ndani ya Godot, usifanye kwenye dirisha la mafaili la Windows, la sivyo viungo vinakatika na skrini inajaa maandishi mekundu.

Wapo wanaoshauri magemu mawili yachangie folda moja iliyo hai. Kwa timu kubwa sawa. Kwa watu wawili watatu wanaohangaika na bando na umeme, mimi nasema nakili. Siku utakapoharakisha kasia kwa ajili ya usiku hutaki abiria wa gemu la kwanza wamwagike majini.

Namba ziishi nje ya msimbo

Kasi ya mtumbwi, uzito wa gunia, mafuta kwa kila dakika, bei ya ndoo ya dagaa: kama vimezikwa ndani ya skripti, huu ndio wakati wa kuvifukua. Viweke kwenye mafaili ya .tres, ambayo Godot huyatumia kuhifadhi data, faili moja kwa kila kundi. Gemu la pili linasoma skripti zile zile lakini linapewa faili lake la namba. Mtumbwi wa usiku unakuwa mzito na wa polepole bila kugusa msimbo.

Ila usizibebe namba kwa mazoea. Bei zilipangwa kwa ajili ya safari fupi za mchana. Ukiziacha, mchezaji atatajirika usiku wa kwanza na kuchoka usiku wa pili.

Kuhusu vitufe, usiguse. Kama kasia la kulia lilikuwa kidole gumba cha kulia, liwe hapo hapo, na alama ya kusimamisha gemu ibaki kona ile ile. Mkono wa mchezaji wa zamani ni mali uliyoijenga kwa muda mrefu kuliko modeli yoyote.

Akiba ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya alikofikia, ni jambo gumu kidogo. Mass Effect 2 ya 2010 ilisoma maamuzi ambayo mchezaji aliyafanya kwenye gemu la 2007, na watu wakajiona wanaendeleza maisha yao. Kwenye Android kila programu ina chumba chake, na gemu la pili haliwezi kuingia chumba cha la kwanza. Njia rahisi ni ya kizamani: sasisha gemu la kwanza liweze kuonyesha neno fupi la herufi na tarakimu, mchezaji aliandike, alijaze kwenye la pili. Ndani yake ficha jina la mtumbwi wake, rangi yake, na kama alimaliza. Asiye na neno aanze bila kubaguliwa.

Kabla ya kutoa

Tafuta wajaribu wa aina mbili, aliyecheza la kwanza na asiyelijua. Wape simu, nyamaza, tazama. Yule wa zamani ataelekea moja kwa moja pale alipokuwa anafunga mtumbwi wake. Hakikisha kuna kitu pale, hata kamba iliyokatika. Yule mgeni akikwama mahali kwa sababu hajui jambo lililofundishwa kwenye gemu la kwanza, lifundishe tena, kwa ufupi.

Kisha punguza uzito. Godot kwa kawaida hutia kwenye APK kila kitu kilichomo ndani ya mradi, hata kisichotumika, na folda yako ya msingi ina sauti za abiria ambao hawapo tena. Kwenye menyu ya zana kuna kichunguzi kinachoonyesha mafaili yasiyoguswa na sini yoyote. Kisome kwa makini kabla ya kufuta, kwani faili linaloitwa kwa jina ndani ya skripti kinaweza kulihesabu yatima. Kila megabaiti ni bando la mtu.

Mwisho, fungua mipangilio ya kutoa gemu na ubadilishe jina la kifurushi, ambalo simu hulitumia kuitambua programu. Ukiwa umenakili mipangilio hiyo kutoka mradi wa zamani, inakuja na jina la gemu la kwanza. Ukiliacha na kutia saini kwa ufunguo ule ule, simu itadhani ni toleo jipya la gemu la mitumbwi, italifuta la kwanza na kukaa mahali pake. Toa APK, iweke kwenye simu ambayo tayari ina gemu la kwanza, na uangalie kama alama zote mbili zinaonekana kwenye skrini.